Pedi gani za breki kwa Subaru STI inayoshuka Kitonga?

*Shikamoo fundi. Ninaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, na nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004 yenye kalipa za Brembo za rangi ya dhahabu. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Iringa na mke wangu na watoto wawili. Tukiwa tunashuka mlima Kitonga nyuma ya malori nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha breki zikapungua nguvu. Nakanyaga, pedeli ni ngumu kabisa, lakini gari linaendelea kushuka tu. Nilishusha gia, tukafika Ruaha Mbuyuni salama, na baada ya kupumzika breki zikarudi. Pedi zilizopo nilifungiwa miaka miwili iliyopita, hata jina silikumbuki, na mafuta ya breki sijawahi kubadilisha tangu ninunue gari. Sasa fundi wangu anasema nifunge pedi za mashindano, rafiki yangu anasema seramiki, na muuza spea mmoja ana pedi za robo ya bei ambazo anasema ni zilezile za kiwandani. Gari naendea kazini kila siku, na mikoani mara tatu au nne kwa mwaka. Nichukue zipi?*

Marahaba, kijana wangu, na poleni sana wewe na mkeo kwa mshtuko wa siku ile. Ulichofanya, kushusha gia badala ya kuendelea kukandamiza, ndicho kilichowafikisha chini. Nalijibu swali lako kwa urefu kwa sababu limebeba roho nne, na kwa sababu kati ya mashauri matatu uliyopewa kuna moja linaloweza kukuumiza hapohapo mjini, hata kabla hujafika Chalinze.

Jibu lenyewe ni hili. Chukua pedi za barabarani za daraja la juu, zenye chembe za chuma za kutosha kuvumilia joto, mbele na nyuma za familia moja, na siku hiyohiyo badilisha mafuta yote ya breki. Za mashindano usifunge. Za robo ya bei usiziguse mpaka umezikagua kwa namna nitakayokueleza. Seramiki si mbaya, ila si dawa ya ugonjwa wako.

Nimejuaje ugonjwa wako? Kuna neno moja kwenye barua yako lililonisaidia kuliko mengine yote: pedeli ilikuwa ngumu. Breki za diski zikishindwa kwa joto hushindwa kwa njia mbili, na mguu wa dereva unaweza kuzitofautisha. Pedeli ikilegea na kuzama kama unakanyaga sifongo, mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, kile chuma chenye pistoni zinazozibana pedi kwenye diski. Mafuta hayabanyiki lakini mvuke unabanyika, kwa hiyo mguu unamaliza safari yake ukibana mvuke na pistoni hazipati nguvu. Pedeli ikibaki ngumu na gari halipungui mwendo, basi mafuta yanafanya kazi, pistoni zinasukuma, ila uso wa pedi umepoteza mshiko. Unga wa pedi, yaani ile sehemu inayosugua diski, umeunganishwa kwa gundi. Gundi hiyo ikivuka joto iliyotengenezewa huanza kuungua na kutoa gesi, na gesi inakaa kati ya pedi na diski kama utando wa kuteleza. Harufu mliyoisikia ndani ya gari ndiyo hiyo gundi.

Kwa hiyo mkosaji wa kwanza ni pedi. Fungua tairi la mbele uone mwenyewe. Natarajia uso wa pedi uwe unang'aa kama kioo, kingo zake zimekuwa za kijivu cha majivu na zinamomonyoka ukizikwangua kwa ukucha. Tazama pia diski kama ina madoa ya bluu, na rangi ya kalipa upande ulio karibu na diski kama imeanza kuwa kahawia. Ukiyakuta hayo, usikubali fundi azipige msasa na kuzirudisha. Zilirudi baada ya kupoa, ndiyo, lakini gundi iliyoungua haizaliwi upya.

Sasa kwa nini Kitonga, na si siku unazokwenda kasi? Hapa ndipo watu wengi wenye magari ya nguvu wanapokosea, kwa hiyo vumilia hesabu kidogo. Gari lako likiwa na familia na mizigo lina uzito wa kilo 1,700 hivi. Kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza nishati ya kilojuli 650 au zaidi kidogo, yote inageuka joto. Kutoka 140 inakaribia mara mbili ya hapo, ingawa kasi haikuongezeka hata nusu. Hiyo ndiyo hesabu watu wanayoijua. Wasiyoijua ni ya mteremko: kila gari hilo linaposhuka mita 100 za wima, kuna kilojuli 1,670 za kutafutiwa pa kwenda. Ni sawa na kusimama kutoka kilomita 100 mara mbili na nusu, kwa kila mita 100 za kushuka, hata kama unatambaa. Na kutambaa kwenyewe ni tatizo. Diski zako za mbele zina matundu ya hewa katikati, kipenyo milimita 326, na zinajipoza kwa kuvuta upepo zinapozunguka. Ukiwa nyuma ya lori linalotoka Zambia, mwendo kilomita 25 kwa saa, hakuna upepo wa maana. Joto linaingia, halitoki. Ndiyo maana gari linalosimama vizuri kutoka mwendo mkubwa barabara tambarare linaweza kushindwa likiwa linatembea mwendo wa baiskeli.

Tatizo hili ni la zamani kuliko gari lako na kuliko kampuni iliyolitengeneza. Katika vilima vya Derbyshire, Uingereza, waendesha mikokoteni ya farasi walikuwa wakishuka na mizigo kwa kukandamiza gogo la breki kwenye gurudumu, na inasimuliwa kwamba wengine walikuwa wakipigilia soli za buti kuukuu juu ya gogo ili lishike vizuri zaidi. Mtu mmoja, Herbert Frood, akaanza kutafuta kitu bora kuliko buti, na mwaka 1897 akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Ferodo. Ukilitazama jina utaliona la ukoo wake humo ndani, herufi zimepangwa upya na kuongezwa "e" moja. Nalipenda tukio hili kwa sababu linaonyesha pedi ilizaliwa mteremkoni, ikitafuta kitu kinachoshika na kisichoungua.

Nije kwa pedi za mashindano. Fundi wako hana nia mbaya. Amesikia kwamba pedi hizo hazishindwi kwa nyuzi 600, na ni kweli. Asichokuambia ni upande wa chini wa kipimo. Pedi nyingi za uwanjani zinahitaji kufika nyuzi 150 au 200 ndipo zishike kama inavyotakiwa. Chini ya hapo zinateleza, zinapiga kelele na zinakwangua diski kama msasa. Nina kipimajoto kile cha kulenga kwa mbali, na magari yanayonijia moja kwa moja kutoka kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo huwa na diski za mbele zenye nyuzi kati ya 80 na 180. Maana yake asubuhi yako nzima, kuanzia nyumbani hadi Posta, utakuwa unatumia pedi ambayo haijaamka. Chukua saa 12 asubuhi, mvua imenyesha usiku, diski zina maji, unatoka getini na bodaboda inakatiza mbele yako Mwenge. Breki ya kwanza ya siku ndiyo unayoihitaji, na pedi ya mashindano ndiyo inayokunyima hiyo. Madereva wa rally wanaotumia pedi hizo huzipasha moto kwa makusudi kabla ya kuanza mbio, wakikanyaga pedeli ya mwendo na ya breki kwa pamoja. Wewe hutafanya hivyo kila asubuhi na mtoto wa shule kiti cha nyuma.

Seramiki ni habari nyingine. Pedi za seramiki za barabarani, na zile za oganiki (zenye nyuzi zisizo za chuma) ambazo magari mengi ya Japani hutoka nazo kiwandani, zina sifa nzuri za mjini: kimya, vumbi kidogo, diski haziliwi haraka, zinashika zikiwa baridi. Rafiki yako kama anaendesha gari la kawaida mjini tu, amekushauri alichokiona kikimfaa. Lakini kwa gari zito lenye nguvu kama lako, kwenye mteremko mrefu, nyingi kati ya hizo zinafika ukingoni mapema. Tafadhali pia usichanganye seramiki hizi na diski za kaboni-seramiki za magari kama Porsche na Ferrari. Jina linafanana, vitu ni tofauti kabisa, na wauzaji wengine wanautumia mkanganyiko huo kupandisha bei.

Kundi linalokufaa liko katikati. Wauzaji huziita semi-metali: unga wenye chembe na nyuzi za chuma ndani yake, unaopitisha na kuvumilia joto kuliko oganiki, na bado unashika ukiwa wa baridi. Katika kundi hili utakutana na majina kama Hawk HPS. Ferodo DS2500 iko ukingoni mwake: inashika tangu baridi na ni kali, lakini ina kelele na vumbi, na mimi humpa mtu anayekwenda uwanjani mara kwa mara, si anayekwenda kazini. Kwa matumizi yako ningeanza na Hawk HPS au inayofanana nayo. Na kama mfuko hauruhusu, pedi halisi za Subaru kwa kalipa za Brembo, pamoja na mafuta mapya na kushuka kwa gia, zitakufikisha Dar bila harufu. Nasema hivyo kwa sababu sitaki ukimbilie kitu cha bandia chenye jina kubwa wakati kitu halisi cha kawaida kipo.

Ubaya wa semi-metali nao uujue. Rimu za mbele zitakuwa nyeusi kila wiki. Vumbi lile lina chuma, na kwa hewa ya chumvi ya Mbezi Beach ukiliacha linashika kutu na kuacha vidoa vya rangi ya chungwa kwenye rimu. Gari likilala siku kadhaa baada ya mvua, asubuhi ya kwanza utasikia breki zimenata kidogo na kuachia kwa mlio. Hilo halina madhara. Osha rimu kila wiki, basi.

Ukiwa dukani, usisome boksi. Soma ukingo wa pedi yenyewe. Kuna mstari wa herufi na namba, na mara nyingi mwishoni mwake utakuta herufi mbili zilizoshikana: EE, FE, FF, GF, GG. Huo ni utaratibu wa Marekani wa kuonyesha kiwango cha msuguano. Herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi kwenye joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo pedi iliyoandikwa FE inakuambia mapema kwamba ikipata moto itakupunguzia. Kwa gari la Kitonga mimi sikubali herufi ya pili iliyo chini ya ya kwanza, na sikubali chini ya FF. Lakini usizifanye herufi hizi kuwa msahafu. Zinatokana na kipimo cha kipande kidogo cha unga kwenye mashine, na joto lake la juu ni nyuzi 340 hivi. Hazisemi pedi itadumu muda gani, wala itafanya nini kwenye nyuzi 500.

Alama ninayoithamini zaidi ni ya Ulaya: herufi E na namba ya nchi ndani ya duara, na karibu yake namba inayoanza na 90R. Hiyo ni kanuni ya R90. Pedi yenye alama hiyo imepimwa kwa aina ya gari husika na kuonekana kwamba breki yake haitofautiani na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Ukiikuta kwenye pedi halisi, unajua haijazidi wala kupungua kiasi cha kukushangaza.

Nimesema "pedi halisi" kwa sababu alama zote hizo zinaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Miaka kadhaa nyuma niliuziwa seti yenye boksi zuri, stika inayong'aa, kila kitu. Mteja akarudi baada ya wiki mbili akisema kuna mkwaruzo. Nilipofungua tairi, upande wa ndani pedi ilikuwa bamba tupu la chuma. Unga wote ulikuwa umebanduka mzima mzima, umelala ndani ya rimu kama kipande cha tofali. Nikaichukua nyingine ya seti hiyo ambayo haijaguswa, nikaibana kwenye jiriwa, nikaingiza patasi nyembamba kati ya unga na bamba, nikagonga mara moja. Ikaachia safi. Nyuma ya unga hakukuwa na kitu: bamba laini, limepakwa gundi tu. Pedi nzuri bamba lake lina matundu au meno ambamo unga umebanwa na kuingia ndani, na ukijaribu hivyo unavunjika vipande vipande lakini hautoki mzima.

Hutaweza kugonga patasi dukani, najua. Lakini unaweza kuigeuza pedi na kutazama bamba la nyuma kama lina matundu yaliyojazwa unga. Unaweza kupitisha ukucha kwenye mshono wa unga na bamba uone kama kuna uwazi. Zipange zote nne mezani: unene uwe sawa, rangi sawa, namba ya toleo sawa, masikio ya kupitishia pini yamekatwa safi bila vinundu. Herufi za ukingoni zisomeke, zisifutike kwa kidole chenye mate. Na muuzaji anayekuambia "ni zilezile za kiwandani" kwa robo ya bei, mwombe akuandikie hivyo kwenye risiti. Utaona uso wake.

Jambo jingine la dukani: usiseme tu "pedi za Impreza". WRX ya kawaida ya miaka hiyo hutumia kalipa nyingine, na magari yaliyotumika Japani mara nyingi yamepita mikono iliyobadilisha vitu. Ondoka na pedi yako kuukuu mfukoni, uiweke juu ya mpya, sikio kwa sikio. Kwa kalipa za Brembo za STI yako, pistoni nne mbele na mbili nyuma, umbo la pedi linajulikana kwa namba D1001 mbele na D961 nyuma. Habari njema ni kwamba maumbo hayo yanaingia pia kwenye Mitsubishi Lancer Evolution VIII na IX na kwenye Nissan 350Z zenye Brembo. Ukikosa boksi la Subaru, ulizia la Evo.

Nunua za mbele na nyuma pamoja, za familia moja. Gari likifunga breki uzito unakimbilia mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Ukiweka pedi kali nyuma na za kawaida mbele, matairi ya nyuma yatataka kujifunga kwanza, na kwenye lami yenye maji hilo ni jambo la hatari. Ukifanya kinyume chake, kali mbele na dhaifu nyuma, unazidi kuzipa mbele joto ambalo nyuma ingelibeba.

Sasa mafuta ya breki, na hapa nitakusema kidogo kama mwanangu. Kutobadilisha tangu ununue gari ni kosa kubwa kuliko la kutojua jina la pedi. Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, kupitia kwenye hozi na kwenye kifuniko cha chupa, na pwani unyevu haukosekani. DOT 4 mpya, moja ya madaraja ya mafuta haya, inachemka kwenye nyuzi zisizopungua 230. Ikishavuta maji kidogo tu, chini ya asilimia 4, kiwango chake kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Safari hii pedi zako ziliwahi kushindwa kabla ya mafuta. Ukifunga pedi nzuri zinazovumilia joto zaidi na kuacha mafuta yaleyale, joto litapita kwenye pedi, litafika kwenye pistoni, na mara nyingine ukishuka Kitonga pedeli haitakuwa ngumu. Itazama hadi chini. Ndiyo maana nasema yote siku moja. Weka DOT 4 nzuri au DOT 5.1, ambayo mpya inafika 260. Usiweke DOT 5 bila hiyo nukta moja; hiyo ni ya silikoni, haichangamani na yako. Baada ya hapo badilisha kila miaka miwili, na ukikaa pwani mimi ningesema kila mwaka na nusu.

Siku ya kufunga, simama pale uangalie. Kalipa hizi ni rahisi: pini mbili zinatolewa kwa panchi na nyundo ndogo, bati la springi linachomoka, pedi zinavutwa kwa juu bila kufungua kalipa. Kabla fundi hajarudisha pistoni ndani, alegeze kikojoleo cha kalipa (skrubu ya kutolea mafuta na hewa) na kuunganisha mpira ili mafuta machafu yatoke nje, yasirudishwe kwenye ABS, mfumo unaozuia matairi kujifunga. Alinganishe unene wa pedi kuukuu ya ndani na ya nje. Zikipishana sana kuna pistoni iliyoganda, na pedi mpya nazo zitaliwa upande. Hozi za mpira za gari la 2004 zina zaidi ya miaka 20. Zikionyesha nyufa ukizikunja, zitoke. Diski zipimwe kwa mikromita, unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe. Kama bado nene na hazina nyufa, zisuguliwe kwa msasa kuondoa tabaka la pedi za zamani, kwa sababu unga wa aina moja hauelewani na mabaki ya aina nyingine. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa kompresa. Huwezi kujua vumbi la pedi zilizofungwa zamani lina nini ndani yake, na si la kuvuta puani. Grisi ya breki ipakwe nyuma ya bamba na kwenye pini tu. Nimeshaona mtu akiipaka usoni.

Pedi mpya haziko tayari zikitoka gereji. Zinatakiwa kwanza ziache tabaka jembamba la unga wake juu ya diski, na tabaka hilo ndilo linaloshikana na pedi kuanzia hapo. Tafuta alfajiri, barabara iliyo wazi na inayoruhusu mwendo wa 80. Toka 80 hadi 20 kwa breki ya nguvu ya wastani, usisimame kabisa, ongeza tena mwendo, rudia mara nane hadi kumi. Utasikia harufu kidogo, na safari hii usiogope. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ukiweza, zipoe zikizunguka. Kosa kubwa ni kusimama zikiwa za moto huku umekanyaga: pedi inaacha alama yake mahali pamoja kwenye diski, na kuanzia siku hiyo usukani unatetemeka ukifunga breki. Watu husema diski imepinda, wananunua nyingine, kumbe mara nyingi ni alama ile tu.

Kuhusu Kitonga yenyewe. Ukitoka Ilula, kabla ya kuanza kushuka, ingia gia ya tatu, na ukikuta lori mbele ingia ya pili mapema. Gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Mwache lori aende mbali, hata wakikupigia honi, ili usilazimike kugusa breki kila anapogusa yeye. Unapofunga, funga kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo kuliko unavyohitaji, kisha achia kabisa mpaka gari liongeze mwendo tena. Kuweka mguu juu ya breki kwa wepesi mteremko mzima ndiko kunakopika pedi, kwa sababu diski haipati hata sekunde moja ya kupumua.

Ukifika Ruaha Mbuyuni na kusimama, ondoa mguu kwenye pedeli na uvute handbreki. Kwa gari lako handbreki inabana ngoma ndogo iliyo ndani ya diski ya nyuma, haigusi pedi, kwa hiyo haitaacha alama. Zunguka gari, unuse kila tairi. Tairi moja likinuka kuliko mengine, kuna pistoni au hozi inayong'ang'ania, na hilo lisisubiri Dar.

Ukizipata pedi, kabla hujalipa nipigie picha mbili: ya ukingo wenye herufi, na ya bamba la nyuma. Nitaziangalia siku hiyohiyo.